Jina Chini ya Sufuria

Sidi aliuza mbaazi na mahamri kila asubuhi. Aliuzia barazani kwake, katika kichochoro nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Watu wa mtaa walizipenda mbaazi zake. Zilikuwa na tui zito, na hazikuwa na mchanga.

Alizipika katika sufuria kubwa aliyoikuta jikoni kwa mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Mama huyo aliitwa Mwanatumu, lakini mtaa mzima ulimwita Bi Tumu. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Sufuria ilikuwa nyeusi nje kama makaa, kwa sababu ya moshi wa kuni. Ndani iling'aa. Sidi aliisugua ndani kila siku. Nje hakuigusa.

"Nani atakula nje?" alisema.

Sidi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kushuku. Bi Tumu alipofariki, watu walijaa nyumbani kwa matanga. Matanga yalipokwisha, birika moja halikuonekana. Sinia mbili nazo hazikuonekana. Tangu siku hiyo, Sidi aliwatazama majirani mikononi kabla ya kuwatazama usoni. Kila jioni alihesabu vijiko. Mtu akija kuomba chumvi, Sidi alimsindikiza kwa macho hadi nje.

Mwaka huo, 1994, maji yalikuwa shida. Mifereji ya bomba ilikaa siku tatu au nne bila kutoa tone. Watu waliweka maji katika kila chombo walichonacho. Wengi walinunua kwa Athmani, aliyepita vichochoroni na mkokoteni wa madumu.

Alhamisi moja jioni, Kahindi, mume wa Sidi, alirudi kutoka Shimanzi. Alikuwa mpakiaji katika godauni moja huko. Siku hiyo aliingia akitabasamu.

"Mama watoto, nina habari."

"Ziseme kabla hujavua viatu."

"Msimamizi wetu, Bwana Oloo, anatafuta mtu wa kuwapikia vibarua. Watu arobaini! Wali na maharagwe kila siku adhuhuri. Wamechoka na mkate na soda. Nikamwambia, mke wangu yupo."

"Hukuniuliza."

"Nilijua utafurahi."

Sidi alifurahi sana, lakini hakuonyesha. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Mbaazi ziliwalisha, lakini hazikuwavika.

"Kuanzia lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu hii? Kahindi, watu arobaini! Sufuria moja ya wali, na nyingine ya maharagwe. Mimi ninayo moja."

"Nunua ya pili."

"Kwa pesa gani? Kwa kokoto?"

"Basi azima."

"Niazime kwa nani? Watu wa hapa kuazima wanajua. Kurudisha ndiko hawajui."

Kahindi alicheka, akaenda kuoga kwa kata mbili za maji.

Sidi hakucheka. Alipanda juu ya kigoda, akateremsha kisanduku cha Bi Tumu. Alitaka kuona kama kuna chombo chochote kilichosahaulika. Hakukuta chombo. Alikuta kanga mbili, tasbihi, na daftari dogo.

Zamani, daftari lile lisingemwambia kitu. Lakini tangu Januari, Sidi alikuwa akienda ngumbaru, darasa la watu wazima. Bi Tumu naye aliwahi kusoma ngumbaru kidogo. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala upande. Sidi aliweka kidole chini ya maneno. Akasoma polepole.

"Su-fu-ri-a ku-bwa. Ni-me-a-zi-ma. Ma-ma Sa-mu-el. 1991."

Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu. Moyo ukaanza kumwenda mbio.

Mama Samuel alikuwa jirani yao wa nyuma. Jina lake hasa ni Mirriam. Alikuwa mjane, na mwanawe Samuel alifanya kazi Tudor. Mirriam aliishi kwa kufua nguo za watu. Ua wake na ua wa Sidi zilitenganishwa na ukuta mfupi wenye kijilango. Na ndani ya ua wa Mirriam palikuwa na sufuria kubwa ya kuwekea maji.

"Kahindi!" Sidi aliita. "Mama yako alimwazima Mama Samuel sufuria. Imeandikwa hapa."

Kahindi alitokea amejifunga taulo. Alilitazama daftari. "Mimi sijui. Mwaka huo sisi tulikuwa Kaloleni. Hatukuwa tumehamia hapa."

"Umeiona ile anayowekea maji? Ni sawa na yetu. Ukingo ule ule, mfuniko ule ule. Zile ni pacha, zimetoka duka moja."

"Sufuria zote hufanana."

"Wewe huoshi vyombo, huwezi kujua. Haiwezekani pacha mmoja awe wa Bi Tumu na mwingine awe wa jirani. Zote mbili ni zetu. Na yeye hapiki nayo hata kupika! Anawekea maji!"

"Basi kamuulize kwa uzuri."

"Nitamuuliza," Sidi alisema. Lakini moyoni alijibu: nikimuuliza ataificha.

Asubuhi ya Ijumaa, Sidi alipita kijilango.

"Hodi, Mama Samuel. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Mirriam alikuwa ameinama juu ya karai, povu limefika viwikoni. Kando yake palikuwa na mafungu manne ya nguo. Sufuria kubwa ilikuwa chini ya paa, imejaa maji, imefunikwa.

Sidi aliugusa mfuniko kwa kidole. "Sufuria nzuri hii. Uliinunua wapi?"

Mirriam aliacha kufua. Akajifuta povu taratibu. "Niliinunua zamani, mjini."

"Peke yake?"

"Hapana. Zilikuwa mbili."

Kisha Mirriam akasema, "Sufuria za mtaa huu hutembea sana, Sidi. Yako i hali gani?"

"Yangu iko."

"Naam. Naiona iko."

Sidi alirudi kwake mbio mbio. Alifunga kijilango kwa komeo. "Umesikia?" alijiambia. "Anaulizia na yangu! Moja hajarudisha, sasa anaitaka ya pili."

Alasiri alikwenda darasani. Mwalimu wao aliitwa Nekesa. Alikuwa msichana wa Bungoma, mpole, na alipanga chumba cha juu katika nyumba ile ile ya kina Sidi. Wanafunzi wengine walipokuwa wakivaa mabuibui yao ili waondoke, Sidi alisogea karibu na ubao.

"Mwalimu, nataka kuuliza neno. Mtu akiandika 'nimeazima', maana yake amempa mwenzake kitu akitumie, kisha akirudishe. Sivyo?"

"Yaweza kuwa hivyo," Nekesa alisema huku akifuta ubao. "Lakini inategemea..."

"Ahsante, Mwalimu."

Sidi alikuwa amekwisha fika mlangoni. Alikuwa amepata alichokitaka.

Jumapili asubuhi, Mirriam alivaa gauni lake jeupe akaenda kanisani. Kahindi alikuwa kazini, kwa sababu meli ilikuwa imeingia. Watoto walikuwa wakicheza mbele. Sidi alifungua komeo la kijilango.

Sufuria ilikuwa nzito kwa maji. Hakuweza hata kuisukuma. Akaleta ndoo, akayachota maji yote na kuyatia katika pipa lake. Alikuwa na mapipa mawili ya buluu yenye vifuniko, ambayo Kahindi aliyanunua Shimanzi. Moja lilikuwa tupu. Sasa likapata maji.

"Maji nayo ni haki yangu," alijiambia. "Ameitumia bure miaka mitatu. Yeye ni mtu mmoja, mimi nina watoto. Nani mwenye haja zaidi?"

Akaibeba sufuria. Kabla ya kuvuka kijilango, alitazama kushoto, akatazama kulia. Mtu anayechukua chake hana sababu ya kutazama hivyo. Sidi alilijua hilo, lakini hakutaka kulifikiria. Alijiambia kwamba Mirriam akirudi atamweleza yote waziwazi. Atamwambia, "Nimechukua changu."

Saa saba mchana, sauti ya Mirriam ilipasua kichochoro.

"Sufuria yangu! Jamani, na maji yangu! Nguo za watu nitazisuuzia nini?"

Majirani walitoka. Sidi alisimama nyuma ya mlango wake na kusikiliza. Maneno yake aliyoyatayarisha yalikuwa ulimini. Nimechukua changu. Lakini ulimi haukusogea.

"Nani aliingia uani mwako?" jirani mmoja aliuliza.

"Mimi sina mgeni. Anayeingia ni Athmani tu, kumimina maji."

Athmani alikuwa pale pale, anapita na mkokoteni wake. Alisimama.

"Mama Samuel, mimi nilikumiminia jana. Leo sijakanyaga ua wako."

"Sufuria kubwa kama ile ingebebwa na nini, Athmani? Mwenye mkokoteni hapa ni nani?"

"Hata ndoo yangu ilipotea mwezi jana," mwanamke mmoja alisema.

"Na beseni langu!" akadakia mwingine. "Basi leo tumejua."

"Sasa na beseni pia ni mimi?" Athmani alisema. "Enyi watu, mwaka wa sita huu nawaletea maji. Mama huyu yuwanionea, wallahi."

"Nenda na maji yako," majirani walimwambia. " Hatunywi maji ya mwizi."

Sidi alisikia magurudumu yakianza kuzunguka. Yalikwenda polepole. Madumu yalikuwa bado yamejaa.

"Nitasema jioni," Sidi alijiambia. "Mambo yakipoa." Akaenda jikoni kutafuta kazi ya mikono. Kesho ilikuwa Jumatatu, na sufuria lazima ziwe safi. Akachukua majivu na kumbi la nazi. Akaipindua sufuria aliyoichukua, akaanza kusugua chini.

Masizi ya zamani yalitoka kidogo kidogo. Chini yake palikuwa na vitone. Vilikuwa vimepigwa kwa msumari, kama mafundi wa vyombo wafanyavyo, ili sufuria isipotee shughulini. Vitone vilifuatana vikawa herufi. Sidi aliweka kidole.

"M. I. R. R. I. A. M."

Mi-rri-am.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Sidi kutamani kwamba asingejua kusoma.

Alikaa chini juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kisha shaka ikamjia tena, nayo ikamletea maneno matamu. Labda Mirriam aliazima sufuria, halafu akaandikisha jina lake, ili asiirudishe. Mjanja yule! Basi ushahidi uko kwenye pacha wake. Sidi aliivuta sufuria yake mwenyewe, ile ya mbaazi. Akaipindua. Masizi yake yalikuwa mazito kama lami. Akasugua mpaka jasho likamtoka. Akaongeza mchanga. Akasugua.

Kitone kimoja kikatokea. Kisha vingine. Herufi ya kwanza ilikuwa M.

"Mwanatumu!" Sidi alisema kwa sauti. "Jina la Bi Tumu! Si nilisema?"

Akasugua haraka zaidi. Herufi ya pili ilikuwa I.

Sidi hakuhitaji kusoma zaidi, lakini alisugua hadi mwisho. Kisha akakaa baina ya sufuria mbili, mikono myeusi hadi viwiko. Hakuna aliyemwona. Masizi yangeweza kurudi kwa siku mbili tu za kuni. Kesho watu arobaini walikuwa wakimngoja. Na Athmani? Athmani angepata mtaa mwingine wa kuuza maji.

Aliwaza hivyo kwa muda. Kisha akachukua daftari, akapanda ngazi bila kunawa.

"Mwalimu Nekesa, hodi!"

"Karibu. Sidi! Mbona uko hivyo?"

Sidi alimpa daftari. "Nisomee."

Nekesa akasoma. "Sufuria kubwa. Nimeazima. Mama Samuel."

"Sasa niambie. Nani alimpa nani?"

Nekesa alitazama tena, akatikisa kichwa. "Haijulikani."

"Haijulikani vipi? Wewe ni mwalimu!"

"Kaa kwanza. Wewe ukienda kwa jirani kuchukua ungo utumie, unasemaje ukirudi?"

"Nimeazima ungo."

"Na jirani naye, aliyekupa, akiulizwa ungo uko wapi, atasemaje?"

Sidi akasema kwa sauti ndogo, "Atasema, nimemwazima Sidi."

"Umeona? Neno ni moja, na lina milango miwili. Anayetoa anaazima. Anayepokea naye anaazima. Tukiongea tunaelewana, kwa sababu tunaonana na tunajuana. Lakini karatasi haina macho wala mkono wa kuonyesha. Bi Tumu alijua alichomaanisha, akafariki nacho. Ijumaa nilitaka kukueleza hayo. Uliondoka."

"Niliondoka," Sidi alisema. Kisha akamweleza yote. Alieleza habari ya maji, ya kijilango, na ya Athmani.

"Mwalimu, mimi nina haja," Sidi alimaliza. Machozi yalimlengalenga. "Watoto wangu hawana viatu. Yeye ni mtu mmoja."

"Haja yako naiona. Kila mtu anaiona. Mwenye haja anayo ruhusa ya kuomba, hata kuomba mara mbili. Lakini haja haibadilishi jina lililo chini ya sufuria. Na yeye je? Anafua nguo bila maji?"

Sidi alikumbuka mafungu manne ya nguo kando ya karai. Aliyaona Ijumaa, lakini hakuyatia katika hesabu yake.

"Kama usingeniambia, nisingejua," Nekesa alisema kwa upole. "Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu nimesoma jina. Siwezi kujifanya sikulisoma."

"Basi twende. Nitakufuata nyuma. Lakini kusema utasema wewe."

Sidi hakwenda kwa Mirriam moja kwa moja. Alimtafuta Athmani kwanza. Alimkuta kwenye kona ya Ndia Kuu, amekaa juu ya mkokoteni wake. Madumu yote yalikuwa juani.

"Athmani, njoo nami kwa Mama Samuel."

"Nikapigwe?"

"Ukasikie. Anayestahili kusemwa ni mimi."

Athmani alimtazama mikono myeusi. Akashuka, akamfuata.

Sidi alizipitisha sufuria mbili kijilangoni, moja baada ya nyingine. Majirani walikuwa bado uani kwa Mirriam, wanazungumza. Wote waligeuka.

"Mama Samuel," Sidi alisema. Aliziweka sufuria chini. Akaanza upya. "Mama Samuel, sufuria yako niliichukua mimi. Athmani hana kosa. Maji pia niliyachukua mimi. Nilisoma daftari la Bi Tumu vibaya, nikadhani ni yetu. Hii ya pili nayo ni yako. Nimeona jina."

Yule mwanamke wa ndoo alitazama chini. Yule wa beseni akaanza kusogea nyuma.

"Usiondoke, shoga," Athmani alimwambia. "Beseni lako bado hatujalisikia."

Watu wawili walicheka, kisha wakaona aibu.

Mirriam alizipindua sufuria. Akapitisha kidole juu ya vitone. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Bi Tumu aliniazima mwaka ule wa arobaini ya mumewe," alisema.

"Alikupa, au alichukua?" Sidi aliuliza.

"Eh?"

"Samahani. Neno hili limeniponza leo. Nani alimpa nani?"

"Mimi nilimpa yeye! Alikuwa na wageni wengi. Baadaye akaanza kuumwa, sikutaka kumsumbua. Kisha mkahamia ninyi, na wewe ukaanza kuuza mbaazi. Nikasema moyoni, nikiichukua sasa, watoto hawa watakula nini? Nikangoja. Nilijua siku moja utasema, 'Mama Samuel, sufuria yako hii hapa.'" Mirriam alivuta pumzi. "Lakini kila nikija kwako, unanitazama mikononi. Nikasema, kumbe huyu anajua! Anaogopa nitachukua sufuria yangu. Anajifanya hajui. Nikaacha kuja."

"Wallahi sikujua."

"Mimi nami sikuuliza. Na leo nimemwita mtu mwizi bila kuona kwa macho." Akamgeukia Athmani. "Baba, nisamehe. Mbele ya hawa hawa nilikutukana, na mbele yao nakuomba."

Athmani alikuna kichwa. "Madumu nane yameshinda juani, Mama Samuel."

"Yalete. Nanunua mimi."

"Na mimi," alisema yule wa ndoo.

"Matatu niachieni," akasema wa beseni, bado akitazama chini.

Sidi aligeuka kwenda kurudisha maji. Aliyachota yote kutoka katika pipa lake, ndoo baada ya ndoo. Akaongeza ndoo mbili za maji yake mwenyewe. Mtaani kwao, kurudisha chombo cha mtu kitupu ilikuwa aibu. Siku hiyo hakuwa na kingine cha kutia.

Alipomaliza, alisema, "Kwaheri, Mama Samuel. Jioni nitamwambia Kahindi kazi ya Shimanzi imeshindikana."

"Kazi gani?"

Sidi akamweleza. Vibarua arobaini, wali, maharagwe, kesho.

"Umesema kosa lako," Mirriam alisema. "Hujasema unachotaka."

"Sina uso wa kuomba."

"Uso wa kuchukua ulikuwa nao. Wa kuomba umeupoteza wapi? Omba!"

Nekesa, aliyekuwa kijilangoni, alificha tabasamu kwa ukingo wa leso.

Sidi akameza mate. "Naomba sufuria zako mbili, Mama Samuel. Kwa miezi mitatu, mpaka ninunue yangu. Mbaazi nitapikia sufuria ndogo."

"Na maji yangu niyaweke wapi? Kiganjani?"

Sidi alifikiri. "Nina mapipa mawili. Chukua moja ulitumie. Lina kifuniko, maji hayataingia vumbi wala mbu. Sufuria zikirudi, pipa nalo lirudi."

Mirriam aliwaza, kisha akaitikia kwa kichwa. "Hapo tumeelewana. Lakini safari hii iandikwe. Na isiandikwe kama alivyoandika marehemu."

Nekesa akaja na kalamu, akampa Sidi. "Andika wewe. Anza na mwenye mali. Halafu sema nani anachukua chombo, siku gani, na kitarudi lini. Kisha wote wawili mtie sahihi."

Sidi aliinama juu ya daftari. Ilimchukua muda mrefu. Watu walingoja. Kisha akasoma kwa sauti:

"Sufuria mbili kubwa ni mali ya Mirriam, Mama Samuel. Sidi amezichukua leo, Jumapili, azitumie. Atazirudisha baada ya miezi mitatu. Pipa moja la buluu ni mali ya Sidi. Mirriam amelichukua leo alitumie. Atalirudisha siku hiyo hiyo."

"Neno azima halimo," Nekesa alisema.

"Silitaki," Sidi alijibu. "Limenichosha."

Jioni Kahindi alirudi, akakuta kuni zimepangwa na mchele umechaguliwa. Akasimuliwa yote. Alivua viatu, kisha akauliza, "Na chakula kitafikaje Shimanzi?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Asubuhi Sidi alimwomba Athmani. Kwa ujira wa kila siku, Athmani akaufunga mkokoteni wake kamba mpya.

"Sawa," alisema. "Mimi nitapita na sufuria kubwa mbili mchana kweupe, katikati ya mtaa. Na watu waone!"

Vibarua wa Shimanzi walikula, wakakwangua mpaka ukoko. Sidi aliendelea kuwapikia siku ile na zilizofuata. Miezi mitatu ilipotimia, alikwenda dukani na Kahindi, akanunua sufuria mbili. Kabla ya kufika nyumbani alipita kwa fundi.

"Alama gani, mama?" fundi aliuliza. "Nyota? Msalaba? Vitone vitatu?"

"Jina," Sidi alisema. "Ninalijua. Nipe kalamu nikuandikie."

Siku hiyo hiyo alizirudisha sufuria za Mirriam. Zilikuwa safi ndani, safi na nje. Moja ilikuwa na wali, na nyingine ilikuwa na maharagwe ya nazi. Pipa la buluu lilirudi limejaa maji. Kijilango cha uani kiliachwa wazi, na komeo lake likashika kutu.

Mwezi wa Desemba, Samuel alikuwa anaoa. Mirriam alikuja asubuhi akiwa na haraka.

"Sidi mwanangu, wageni wamezidi. Sufuria zangu mbili hazitoshi. Niazime moja yako."

Sidi alimtazama usoni. Kisha akateremsha daftari, akaandika. Sasa hakuhitaji kuweka kidole chini ya maneno. Akayasoma yote aliyoandika, mpaka siku ya kurudi: Jumanne.

"Ongeza neno moja," Mirriam alisema. "Haitarudi tupu."

Sidi akaongeza.

Jumanne adhuhuri, sufuria ilirudi imejaa pilau ya harusi. Watoto waliila wakaimaliza. Sidi akaipindua ili aioshe. Mirriam alikuwa amekwisha isugua nje kwa majivu, na vitone viling'aa juani, herufi nne.